Kuvu Juu ya Nyumba ya Gekara

Nyumba ya Bosibori ilikuwa imeota manyoya, na mimi Wamuyu nilikuwa nimechoka kuitazama. Duka langu lilielekeana na uwanja wake, pale Sigowet, na kila nikifungua mlango asubuhi kitu cha kwanza kuona kilikuwa lile paa la nyasi, kijani kibichi, limevimba kama godoro lililonyeshewa. Kuvu. Wakisii wana jina lao, Wakipsigis wana lao, mimi naliita kuvu na sina adabu nalo. Ukingoni alikuwa amelikwangua kwa reki mpaka mkono ulipofika. Kutoka hapo kwenda juu, lilikuwa linajitawala.

"Bosibori," nilimwambia kila alipokuja kununua chumvi, "ile nyumba itakulalia."

"Itanilalia mimi, si wewe."

"Na atakayekuchimbua ni nani? Si ni mimi?"

Akacheka, akachukua chumvi yake, akaenda. Kichwa ngumu yule! Usiku alikuwa analala na karai kitandani, maji yanadondoka ndani, tena karai la kuogea, si dogo. Lakini sababu nilikuwa naijua, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Kama ungekuwa uvivu ningemtukana nikapona.

Sababu ilikuwa kijiti. Kwa Wakisii, juu kabisa ya nyumba, pale nyasi zinapokutana, husimama kijiti. Kikiwa kimesimama, mwenye nyumba yuko hai, hata kama yuko mbali. Akifa kinang'olewa, na hakuna tena haja ya kuuliza. Wakipsigis majirani zetu wana jambo kama hilo kwao, kwa hivyo Sigowet nzima ilijua kulisoma paa. Mume wa Bosibori, Gekara, alikuwa amekwenda Uganda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na kijiti chake kilikuwa kimesimama hapo juu, chenyewe kimevaa kuvu mpaka shingoni.

Shida ni kwamba Gekara alikuwa amekufa.

Tulijua watu watatu tu. Mwaka ule wafanyakazi Wakenya walipofukuzwa Uganda, watu wakarudi na mafurushi vichwani, mmoja wao, Gichana, aliingia dukani kwangu kuomba maji ya kunywa. Bosibori alikuwa amesimama pale akinilalamikia juu ya Gekara, kama kawaida yake. Alikuwa na mdomo, huyo dada! "Mume gani huyu? Akirudi nitamfungia mlango. Nitampikia mawe ayale na mchicha." Gichana akasikia jina, akaweka kikombe chini. Akauliza, Gekara wa mama Nyamoita? Halafu akavua kofia. Ilikuwa homa, akasema. Alimzika yeye mwenyewe pamoja na wenzake, kando ya miwa.

Bosibori hakulia. Alishika meza yangu, akaniambia, "Wamuyu, mama asijue."

Mama ni Nyamoita, mama yake Gekara. Alikuwa amechuma chai kwa Wazungu miaka mingi mpaka vidole vikapinda, na Kiswahili chake alikipata huko kwenye chai. Gekara alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Walitoka Kisii pamoja wakanunua kipande hicho cha shamba, mama akajengewa kibanda upande wa pili wa uwanja, na hapa hawakuwa na ndugu mwingine. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu. Kila asubuhi alifungua mlango wa kibanda, akasimama hapo ameshika mwimo, akaita:

"Bosibori! Kijiti kimesimama?"

Na Bosibori, popote alipo, akiwa anakamua ng'ombe au anakata kuni, akajibu:

"Kimesimama, mama."

Ndipo mzee yule akatoka kuota jua. Asubuhi zote. Nilikuwa nasikia nikiwa dukani.

Basi ungefanya nini? Bosibori alisema moyo wa mama hautaweza. "Nikimwambia leo, kesho namzika," alisema, na mimi niliamini, kwa sababu yule mama alikuwa mwembamba hata upepo ukivuma unamwogopea. Na kuezeka upya kungemfichua: huwezi kuweka nyasi mpya bila kufungua kilele, na kilele hakifunguliki bila kung'oa kijiti. Bosibori alimwita Joab, fundi wa kuezeka, Mkisii mwenzake, mtu wa kanisa. Joab aliizunguka nyumba, akaingiza kidole ndani ya kuvu, kidole kikazama chote. Akasema nyasi za chini zimeoza, zinafaa kutolewa zote.

"Kutoa kijiti naweza," akasema. "Kukirudisha, mpaka nyinyi mniambie mwenyewe yuko. Yuko?"

Bosibori alimtazama. Kumwambia mama kwamba kijiti kimesimama hakukuwa uongo, kwa sababu kilikuwa kimesimama kweli. Hilo la Joab lilikuwa jingine.

"Tutakuita," akamwambia.

Hakumwita. Na hapo kwetu mvua haina likizo, kila alasiri inakuja. Miti ya miwati aliyoipanda Gekara mwenyewe ilikuwa imerefuka ikalifunika paa, jua halifiki. Nilimshauri amwage majivu, akamwaga, kuvu likapauka siku chache likarudi limenenepa. Nilimshauri akate miwati. Akasema, "Hiyo ni ya Gekara," na sauti yake ikanifunga mdomo, na mimi si mtu wa kufungwa mdomo.

Mtaniuliza kwa nini hakurudi kwao. Wengi waliuliza. Hawakujaliwa mtoto, yeye bado msichana, mikono yake ina nguvu, na kaka zake kule Kisii wangempokea. Hata mimi nilimwuliza. Akasema, "Na huyu nitamwacha na nani?" Akasema kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua.

Basi siku moja ikaja mvua ya mawe.

Watu wa chai wanaijua mvua ya mawe, inachana majani mpaka shamba linabaki vijiti. Ilianza mchana, nikafunga duka haraka. Mabati yangu yalipiga kelele hata sikusikia sala yangu mwenyewe. Ilipokatika nilitoka nje, uwanja wote mweupe, na nikaangalia paa la Bosibori. Ngai! Kuvu lilikuwa limekunywa maji mpaka likashindwa kujishika. Upande mzima wa juu ulikuwa umeteleza, nyasi na kuvu pamoja, vimelala chini kando ya ukuta, na fito za kilele ziko wazi.

Nilikimbia. Bosibori alikuwa amesimama katikati ya ile barafu, miguu mitupu, kijiti mkononi.

"Ameona?" nikanong'ona.

"Yuko ndani, amejifunika blanketi. Kelele zilikuwa nyingi, hajasikia." Meno yalikuwa yanagongana. "Wamuyu, kesho asubuhi nitamwambia nini?"

"Tumwite Joab."

"Joab hatakirudisha, unajua. Na mimi mwanamke wa nyumba hii siwezi kupanda juu ya nyumba ya mume wangu, ni mwiko."

Nikaangalia fito. Nikaangalia kijiti. Nikasikia hasira, sijui hasira ya nani, ya Gekara aliyekwenda kufa mbali, ya mvua, ya hilo likuvu lisilo na haya. Nikasema, "Lete hapa. Mimi si Mkisii. Laana yenu ikinitafuta haitajua nyumba yangu."

"Wamuyu, wewe ni mnene."

"Unanitukana mimi ninayekwenda kuvunjika kwa ajili yako? Shika ngazi!"

Nilileta ngazi ya dukani, ile ya kufikia rafu ya juu. Nikafunga leso kiunoni, nikachukua panga butu la kukwangulia, kijiti nikakibana kwapani. Sijawahi kupanda paa maishani mwangu, na sitapanda tena. Kuvu lililobaki lilikuwa linateleza kama sabuni. Nilikwangua mahali pa kuweka goti, nikapanda, nikakwangua tena, vipande vya kijani vinamwangukia Bosibori kichwani naye hasemi kitu, ameshika ngazi kwa mikono yote. Mara goti likateleza, nikashuka kwa tumbo mpaka karibu na ukingo, nikataja majina ya watakatifu wote ninaowajua na wengine wasio watakatifu.

Nikapanda upya. Nilifika kileleni nikihema, nikashika fito, nikatafuta pale kijiti kilipokuwa kimefungwa.

Mlango wa kibanda ukafunguka.

"Nani huyo anapumua juu ya nyumba ya mtoto wangu?"

Nikaganda. Bosibori naye akaganda.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Wamuyu wa duka."

"Unafanya nini huko?"

"Natoa kuvu, mama. Limezidi."

Alikuwa ameshika mwimo kama kila asubuhi, ila sasa ilikuwa alasiri, na uso ameuinua kuelekea kwangu, macho meupe. Halafu akauliza, polepole, "Bosibori. Kijiti kimesimama?"

Na Bosibori, maskini, mazoea yakamponyoka mdomoni: "Kimesimama, mama."

Mimi nilikuwa nimekishika mkononi. Nilitamani paa linimeze.

"Wamuyu," mzee akasema, "shuka nacho."

Hakuna mtu angeweza kumkatalia kwa sauti ile. Nilishuka. Nikavuka uwanja, nikakiweka mikononi mwake. Aliketi hapo hapo kizingitini, akakilaza mapajani, akaanza kubandua kuvu kwa kidole gumba, kipande kimoja kimoja, kama mtu anayemsafisha mtoto uso. Bosibori alipiga magoti mbele yake kwenye yale mawe ya mvua.

"Nisamehe, mama. Niliogopa utakufa."

"Najua amekufa," Nyamoita akasema. "Zamani najua."

"Nani alikwambia?" nikaropoka. Nilidhani ni Gichana, nikawa tayari kwenda kumtoa roho.

"Huyu." Akamgusa Bosibori kichwani. "Kila siku alikuwa anamtukana mtoto wangu. Akichota maji anamtukana, akikamua ng'ombe anamtukana. Mimi nalala nikisikia, nafurahi. Siku moja akaacha. Nikangoja kesho, nikangoja tena. Wapi! Hakumtukana tena hata kidogo. Nikajua."

Bosibori aliinua uso kumtazama.

"Sasa mama," nikasema mimi, kwa sababu kunyamaza sijui, "kama ulijua, kwa nini kila asubuhi unauliza kijiti?"

Aliendelea kubandua kuvu mpaka mti ukaonekana, mweusi, umelowa.

"Kijiti?" akasema. "Nifanyie nini kijiti? Nilikuwa nauliza kama huyu bado yuko." Sasa machozi yalikuwa yanamtiririka. "Yeye ni msichana. Kwao wapo. Nilisema, siku kijiti kikianguka atafunga mizigo, na ana haki. Kwa hivyo nikauliza. Akisema kimesimama, najua leo pia nitakula naye."

Hapo Bosibori alilia. Alilia kilio cha tangu siku ya Gichana, kile alichokuwa amekimeza kila asubuhi, kichwa mapajani mwa mama mkwe juu ya kijiti, na mama naye akapaza sauti, akamwita mtoto wake kwa jina, Gekara, Gekara wangu, mpaka majirani wakaanza kuja wakiruka barafu. Wakisii wakaja, Wakipsigis wakaja, Joab akaja akavua kofia. Na mimi nililia. Nililia kwa hasira pia, kwa sababu muda wote ule wanawake wawili walikuwa wanalindana huku wametengwa na kuta mbili za udongo na uwanja mdogo ambao kuku anauvuka bila kufikiri.

Walikaa matanga bila maiti, jinsi wazee walivyoelekeza. Joab aliezua nyasi zote, kuvu likachomwa moto likafuka moshi siku nzima, na miwati ikapunguzwa ili jua lifike. Bosibori mwenyewe alichagua ya kukatwa. Paa jipya likafungwa kileleni bila kijiti, na Bosibori akalala pakavu.

Asubuhi ya kwanza baada ya fundi kumaliza, nilikwenda kuchukua ngazi yangu. Mlango wa kibanda ulifunguka, Nyamoita akasimama pale pake, akashika mwimo. Alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwa na la kuuliza. Nilimwona akigeuza uso huku na huku, kama mtu aliyepoteza fimbo.

Bosibori alikuwa nyuma ya nyumba, anakamua.

"Nipo, mama!" akaita.

Mzee akatulia. Akapangusa pua kwa kiganja.

"Kama upo," akasema, "chai yangu iko wapi?"