Alama ya Njano kwenye Kompyuta ya Nabututu

Nabututu hakuwahi kumwachia fundi kitu chake akaenda zake. Cherehani ikiharibika, aliketi kando ya fundi wa cherehani mpaka sindano ya mwisho. Redio ikinyamaza, aliomba stuli. Hata siku aliyong'olewa jino alitaka kwanza aonyeshwe jino lenyewe, ahakikishe ni lile lililokuwa likimuuma. Watu wa mtaa wake wa Manyatta walimcheka, naye aliwaacha wacheke, kwa sababu si wao waliopeleka kompyuta kwa fundi ikiwa na kumbukumbu nzima ikarudi na nusu. Hayo yalimpata mwaka aliofungua kibanda chake cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, na tangu hapo, kama wasemavyo, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Baada ya wizi ule alimwomba mwanafunzi mmoja wa chuo amfundishe kufungua ule ukurasa wa Windows unaoorodhesha vifaa vyote vilivyomo ndani ya mashine. Alivinakili kimoja kimoja kwenye daftari, majina yote ya Kizungu, hata yale asiyoweza kuyatamka. Kila kompyuta iliporudi kutoka kwa fundi, alifungua daftari na kuita majina kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Safari hii shida ilikuwa fundi mwenyewe. Kompyuta ilikuwa imejaa virusi, inajizima katikati ya barua za watu, na aliyejitolea kuitengeneza ni Oyugi, kijana wa Dunga, kule kando ya ziwa, aliyetaka kumwoa Bridget, bintiye wa pekee. Watu wa Oyugi walikuwa waje Jumamosi kujitambulisha. Sasa, Wajaluo wa kina Oyugi na Wabukusu wa kina Nabututu hubishana juu ya mambo mengi, kuanzia namna ya kupika samaki hadi namna ya kuzika watu, lakini kwa hili ni kauli moja: mkwe na mama mkwe hawakai karibu, hawatazamani usoni, na kamwe hawajibizani. Nabututu angeketije kwenye stuli kando ya mkwe wake, goti kwa goti, akihesabu skrubu? Ilibidi mashine iende Dunga peke yake. Ilikaa huko siku mbili, na siku hizo mbili Nabututu hakupata usingizi wa maana.

Jumanne jioni Bridget alirudi nayo kwa tuktuk, imefungwa kwenye leso.

"Mbona ameifunga?" Nabututu aliuliza.

"Vumbi, mama."

"Vumbi," alirudia Nabututu, kwa sauti ya mtu anayeonja mboga asiyoipika mwenyewe.

Mashine iliwaka upesi kuliko ilivyowahi kuwaka, na hilo pia halikumpendeza. Alifungua ukurasa, akafungua daftari, akaanza kuita majina. Kumbukumbu ipo. Diski ipo. Kadi ya sauti ipo. Halafu chini kabisa, peke yake, mbali na wenzake, akakuta jina lenye pembetatu ya njano na alama ya mshangao: SM Bus Controller. Alipolibofya, mashine ilimwambia kwa Kizungu kwamba draiva za kifaa hicho hazijawekwa. Kwenye daftari lake kifaa hicho kilikuwa kimekaa vizuri kati ya ndugu zake, bila alama yoyote.

Nabututu hakujua draiva ni nini. Neno "hazijawekwa" alilijua. Kitu kilichokuwapo na sasa hakijawekwa, kuna mkono uliokitoa.

"Mama, kompyuta inafanya kazi," Bridget alisema alipoitwa kutazama. "Kama ametoa kitu, si ingekataa kuwaka?"

"Hata mtu wa figo moja anatembea."

"Wacha nimuulize basi."

"Usimuulize! Ukimuuliza atajipanga."

Usiku kucha alipanga ushahidi. Leso. Siku mbili kwa kazi ambayo wengine huimaliza kwa saa tatu. Na zile salamu za mwezi uliopita, Oyugi alipompita barabarani akiwa ameinamisha macho mpaka karibu agonge mkokoteni wa maji. Wakati ule Nabututu alimsifu kwa heshima. Sasa alijiuliza ni heshima gani hiyo inayomzuia mtu kuona mkokoteni. Wazee walisema ukimchunguza sana bata hutamla, lakini Nabututu hakuwa na hamu ya bata. Alikuwa na binti mmoja tu, na alikuwa tayari kushinda na njaa kuliko kumkabidhi mwizi.

Alhamisi alimwita Milka, mshenga wao, mama wa makamo aliyekuwa akipeleka maneno kati ya Manyatta na Dunga tangu uchumba uanze.

"Mwambie arudishe alichotoa kwa kompyuta yangu," alisema. "Simtukani. Arudishe tu. Akirudisha, Jumamosi waje. Asiporudisha, wasijisumbue."

Milka alishika kidevu. "Mama Bridget, hiyo ni maneno nzito. Uko sure?"

"Nimeona kwa macho."

Milka alifunga kitambaa chake kichwani na kwenda. Bridget, aliyekuwa ndani akisikia yote, hakuongea na mamake jioni ile. Alikula ugali wake akitazama ukuta.

Ijumaa asubuhi Nabututu aliona kwamba akisimama mbele ya wazee wa Oyugi na neno tupu atachekwa. Alitaka shahidi. Aliipakia mashine kwenye tuktuk na kwenda soko la Kibuye kwa Waliaula, fundi wa kwao Bungoma ambaye alikuwa na meza pembeni ya wauzaji wa mitumba. Aliomba stuli. Alisogea mpaka Waliaula akamwomba ampe nafasi ya kusogeza mkono.

"Fungua," alimwambia. "Nataka uniambie ni nini haiko."

Waliaula alilegeza skrubu, akavuta ubavu wa kasha, na kabla hajagusa chochote alianza kucheka.

"Mayi, mama yangu, nani alikwambia hii imefunguliwa? Angalia."

Nabututu aliinama. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu, nene na laini, bila alama ya kidole hata kimoja. Juu yake kulikuwa na wale wadudu wadogo wa ziwani, mamia, waliokauka zamani. Na kutoka kwenye vijiti vya kumbukumbu hadi kwenye feni, buibui alikuwa amejenga utando ambao mkono wa mtu usingepita bila kuukata. Utando ulikuwa mzima.

"Mwenye alitengeneza hii aliweka tu Windows mpya kwa flash disk," alisema Waliaula. "Hata hakushika skrubu."

"Na SM Bus?"

Waliaula alionyesha kwa ncha ya bisibisi kipande cheusi kilichobanwa kwenye ubao mkuu. "Iko hapa ndani. Ndiyo inauliza ubao kama kuna joto, kama feni inazunguka, vitu kama hizo. Imechomelewa kiwandani. Kuitoa hii ni kama kutoa chumvi kwa mboga imeshaiva. Shida ni kwamba Windows mpya haiijui. Inaona kuna mtu hapa, lakini haijui jina yake wala kazi yake, ndiyo inaweka hiyo alama. Unaiwekea draiva ya hii ubao, ile programu ya kuitambulisha, inaijua."

"Na mbona hakuweka?"

"Mafundi wengi huwa wanaiacha. Kompyuta inafanya kazi bila hiyo. Hiyo ni uvivu, mayi. Si wizi."

Nabututu alimkazia macho. "Unamjua Oyugi wa Dunga?"

"Simjui."

"Mafundi nyote mnajuana."

"Basi muulize huyu buibui," alisema Waliaula, na jirani yake wa mitumba akacheka.

Waliaula aliunganisha mashine kwa skrini, akapakua draiva kwa simu yake, akaiweka. Nabututu alikodoa macho kwenye ile pembetatu ya njano. Ukurasa ulipepesa mara moja, pembetatu ikatoweka, na kile kifaa kikaenda kukaa kati ya wenzake kama kilivyoandikwa kwenye daftari. Saa ya soko ilionyesha saa nne asubuhi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Katika tuktuk alipanga maneno: nitamwita Milka, nitamwambia nimekosea, yataisha.

Alimkuta Milka ameshafika. Alikuwa ameketi kibandani, na Bridget, ambaye siku hiyo aliomba ruhusa kwenye duka la dawa alikofanya kazi, alikuwa amesimama karibu na mashine ya fotokopi, mikono ameikunja. Juu ya meza kulikuwa na kifurushi cha gazeti.

"Mama Bridget, umeshinda," alisema Milka. "Kijana amekubali. Amesema amekosa, anaomba msamaha kwa maro wake, mama mkwe wake, na kile alitoa amerudisha. Hiki hapa."

Nabututu alifungua gazeti. Ndani yake kulikuwa na kijiti cha kumbukumbu, kipya kabisa, bado kiko kwenye plastiki ya dukani.

Alielewa hapohapo. Kijana hakuiba kitu. Lakini mama mkwe alikuwa amesema ameona kwa macho, na kwao Oyugi, kama kwao Nabututu, mtu hamwambii mama mkwe kwamba anasema uongo. Heri uitwe mwizi. Kwa hivyo aliingia dukani akanunua kitu ambacho hakikuibwa ili apate cha kurudisha.

Ulikuwa ndio wakati wa kusema. Kinywa chake kilikuwa kimefunguka. Lakini Bridget alitangulia.

"Waambie wasije kesho," alimwambia Milka. "Mimi siwezi kuolewa na mwizi."

"Nyathina, mtoto wangu, si amekubali? Mtu akikubali..."

"Waambie wasije."

Milka alimtazama Nabututu, akingoja neno la mama. Nabututu alitazama kile kijiti. Aliona uso wake mbele ya Milka, aliona hadithi ikipita Dunga na Manyatta, yule mama wa fotokopi aliyemwita mkwe wake mwizi kwa sababu ya alama ya njano. Na ndipo lile jicho lake la zamani likafumbuka tena, likampa sababu: huyu kijana amedanganya. Mtu anayeweza kukubali wizi ambao hakuufanya, uso umetulia, na kifurushi mkononi, ni uongo gani atashindwa kuusema ndani ya ndoa? Ilikuwa sababu nzuri. Aliishika kwa mikono miwili. Milka akaondoka.

Mchana wote alichapa barua za watu. Alichapa ombi la kazi, malalamiko ya mpangaji, mwaliko wa harambee, na katika kila moja alikosea majina. Bridget alikuwa ndani, akikunja nguo aliyoishona kwa ajili ya Jumamosi. Saa kumi na moja alitoka, macho yamevimba, akasimama nyuma ya kiti cha mamake na kumwekea mkono begani.

"Pole mama," alisema. "Nilikubishia. Nilikununia tangu jana, na wewe ulikuwa unasema ukweli."

Nabututu angeweza kustahimili matusi. Hilo hakuliweza.

"Hakutoa kitu," alisema, akiangalia kibodi. "Nilipeleka Kibuye ikafunguliwa. Hata skrubu hakugusa. Kila kitu iko. Alisema ameiba ili asinibishie."

Mkono uliondoka begani.

"Ulijua saa ngapi?"

"Bridget..."

"Saa ngapi, mama?"

"Saa nne."

Bridget alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama mamake, kuanzia kichwani hadi miguuni. Aliingia ndani akavaa viatu, akatoka na kile kifurushi cha gazeti mkononi.

"Naenda Dunga," alisema. "Wakikubali kuja kesho, utawaambia haya yote wewe mwenyewe, mbele ya watu wote. Si kwa Milka. Wewe."

"Nitawaambia."

"Hata kama ni aibu."

"Nitawaambia, mwanangu. Haki ya Mungu."

Bridget alifika mlangoni akasimama. Nabututu alidhani amesahau simu. Lakini binti aligeuka taratibu, na usoni alikuwa na swali ambalo ni wazi lilikuwa limemjia wakati huohuo.

"Na Robinson?" aliuliza. "Yule nilikuwa karibu tuoane, miaka minne sasa. Ulisema ulimwona mtaa wa Nyalenda, ameshikana mkono na mwanamke ako na mimba. Nikamwacha. Alilia hapo nje kwa barabara na sikumfungulia. Mama, ulimwona?"

Nje tuktuk aliyoiita ilikuwa ikimngoja, dereva akipiga honi. Nabututu alifuta mikono kwenye sketi, ingawa haikuwa na kitu.

"Nilimwona kwa nyuma tu," alisema.