Kijiji Kilichoachwa na Ramani Mbili

Mimi hutunza ramani za mkoa, kazi ambayo wakubwa huiona ni ya kupangusa vumbi mpaka siku wanapogombana. Siku hiyo walianza saa tatu asubuhi, juu ya meza yangu, na mmoja wao akatua kikombe cha chai juu ya bonde zima.

Mpaka wetu na mkoa jirani ni mto. Ramani yetu inasema kijiji kimoja cha mpakani ni cha majirani. Ya majirani inasema ni chetu. Kijiji hicho kina zahanati, na muuguzi wake pekee ni shangazi yangu. Usipopatikana mkoa wa kukikubali kufikia mchana, zahanati inafungwa.

"Mto uko nyuma ya zahanati yangu," alisema shangazi, aliyekuwa amekuja kikaoni. "Nafua nguo pale! Yale maji ya mbele, upande wa huku kwenu, ni ya masika tu, yanakauka."

"Mama, ramani hii aliichora kaka yako mwenyewe," bosi wangu alimjibu. "Marehemu hakuchora mstari asioutembea."

Ofisa wa majirani alitazama saa yake. Nilikwenda stoo kutafuta daftari la baba la kupimia, nimfunge bosi mdomo: lazima baba alipima sawa, wakakosea waliochapa ramani. Nikalipata, nikasoma: "Mafuriko. Sikuvuka. Maji ya mbele ya kijiji nimeyahesabu kuwa ndiyo mto."

Nilikaa juu ya boksi. Picha ya baba iko mlangoni kwetu. Wapimaji wapya wote huoneshwa. Ningelirudisha daftari mahali pake, nani angejua? Nilimkasirikia baba kwa kukosea, nikamkasirikia zaidi kwa kufa kabla sijamgombeza.

Nilirudi nikasoma kwa sauti. Bosi alikohoa, akaangalia chini.

Shangazi alilichukua daftari, akavaa miwani, akausoma mwandiko wa kaka yake mara mbili.

"Aliniambia alivuka," alisema. "Akasimulia hata habari za mamba!" Akacheka huku machozi yakimtoka. "Kumbe mwoga tu, maskini wa Mungu. Ila angalau aliandika."

"Basi kosa ni letu," bosi alisema, "na kijiji ni chetu." Akatia sahihi. Ofisa wa majirani naye akasaini upesi upesi, asije mtu akabadili mawazo.

"Lakini mpaka lazima upimwe upya," bosi akaongeza. "Nani ataenda?"

"Mimi," nilisema, hata sikujua kama nimesema.

Wiki iliyofuata nilisimama nyuma ya zahanati, suruali nimeikunja, ncha ya kamba mkononi. Shangazi alishika ncha ya pili ukingoni, na akina mama waliokuwa wakingoja kliniki walikuja kututazama.

"Kuna mamba?" nilimuuliza.

"Ingia, mwanangu. Maji ya magotini hayo."

Nikavuka.