Sindano ya Pili ya Kulwa

Dokta Specioza Mayige alikuwa na tabia moja ambayo asingeikiri mbele ya watu. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alifungua kompyuta kuangalia makala yake moja imenukuliwa na watafiti wangapi. Siku aliyosafiri kwenda Bariadi walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Alishaandika makala thelathini na nane kuhusu kinga ya mwili, na tuseme ukweli, thelathini na saba kati ya hizo zilisomwa na wanafunzi wake kwa kulazimishwa. Hii moja ndiyo iliyombebea jalada lake la kuomba uprofesa, na kamati ingelijadili baada ya wiki mbili.

Ilihusu mapacha wa Simiyu. Jozi moja ya kufanana, Kulwa wa kijiji cha Kasoli na mdogo wake Doto aliyeolewa Zagayu, ndiyo iliyowashangaza wasomi. Wanawake hao waliishi mbalimbali miaka thelathini, lakini kinga yao dhidi ya malaria ilipopimwa, namba zikatoka sawasawa. Watu wakaamini kwamba kinga ile mtu huzaliwa nayo. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu huko Dodoma, Asumini, alimwandikia Specioza mara tatu kwamba mapacha aliowapima yeye hawafanani hivyo. Specioza alimjibu mara moja tu, tena mstari mmoja: rudia vipimo, safari hii kwa uangalifu.

Specioza alikwenda Kasoli kushukuru, nakala ya makala ikiwa ndani ya bahasha. Aliwakuta mapacha wote wawili uani wakichambua pamba, maana Doto alikuja kumsaidia dada yake. Wakasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka kwa mwangaluka, akaletewa kigoda. Akawaeleza makala ilikofika, kisha akawashukuru wote wawili kwa damu waliyotoa miaka sita iliyopita.

Doto aliacha kuchambua. "Mimi hukunichoma sindano, daktari," alisema. "Mwaka ule nilikuwa Maswa, namuuguza mama mkwe."

Kulwa hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alieleza kwamba daktari alikuwa ametoka mbali, jua kali, amekuja kwa ajili ya wawili. Angemwachaje arudi na mmoja? Kwa hiyo asubuhi alitoa damu yake, akasema Doto atafika mchana. Mchana akabadilisha kitenge, akavua hereni, akatoa ya Doto.

"Tulilala tumbo moja, mwanangu. Nilijua damu yetu ni ileile. Nilifanya vibaya?"

Specioza alitamani kucheka, akaona machozi yanakuja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika sindano siku ile, na hakumwomba mtu kitambulisho. Kibaya zaidi, hakuna mashine ambayo ingemuumbua, kwa kuwa mapacha wa kufanana hata vinasaba vyao ni vilevile. Angenyamaza wiki mbili tu, angekuwa profesa. Aliliwaza hilo kwa dakika nzima, bahasha mapajani, na hakujipenda hata kidogo. Ndipo likamrudia lile neno alilomwandikia Asumini, kwa uangalifu, akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Hapana, mayu," Specioza alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Wewe ulitaka kunisaidia. Kuhakiki ilikuwa kazi yangu."

Jioni ileile, akiwa nyumba ya wageni Bariadi, aliandika barua mbili. Ya kwanza ilikwenda kwa jarida, kuomba makala iondolewe. Ya pili ilimsumbua zaidi ingawa ilikuwa fupi: "Asumini, vipimo vyako ni sahihi. Vyangu ndivyo vyenye kosa. Nilikujibu kwa kiburi, nisamehe."

Jibu lilikuja kabla hajafunga kompyuta. Asumini aliandika kwamba barua ya kuacha masomo ilikuwa kwenye mkoba wake tangu Jumatatu, kwa sababu alishaamini mikono yake haifai maabara. Sasa ameichana. Specioza alisoma mara mbili, akalia bila kujificha, na mhudumu aliyeleta chai akaiweka chini taratibu akaondoka.

Makala iliondolewa kweli, na kamati ikaliahirisha jalada kwa mwaka mzima. Wenzake wengine waliacha kumpigia simu. Msimu wa pamba uliofuata alirudi Kasoli na Asumini, na safari hii mwenye utafiti alikuwa Asumini; Specioza alibeba sanduku la barafu la kuhifadhia damu. Kama binti yule yuko sahihi, kinga haigawiwi tumboni tu, bali maisha huijenga, na chanjo nzuri inaweza kusaidia ujenzi huo. Wazo hilo lilimfurahisha Specioza kuliko namba yoyote aliyowahi kuikuta asubuhi.

Asumini aliwakalisha mapacha benchi moja, akakagua vitambulisho, akaanza na Kulwa. Kisha akamgeukia Doto, ambaye alikuwa akitazama sindano kwa mashaka na kuficha mkono ndani ya kitenge. Kulwa aliona, akakunja mkono wa pili wa blauzi yake, akanyoosha mkono achomwe tena.

Specioza aliuweka chini sanduku la barafu, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Inatosha, mayu," alimwambia. "Leo tunamsubiri Doto."