Neno Lililofanana na Letu

Bogusława aliendesha tramu mjini Łódź, na kila Jumatano jioni alisoma Kiingereza cha ngazi ya kati. Kile cha mwanzo alikuwa amekimaliza: meza, mkate, mvua, naomba maji. Maneno ya kati ndiyo yaliyomtoa jasho. Alisoma kwa sababu Ludwika, dada yake aliyemlea tangu mama yao afariki, alitaka amfuate Uskoti kwenye kiwanda cha samaki alikofanya kazi.

Jumatatu moja simu ikaita, yeye akiwa kituo cha mwisho na mwenzake Jagna. Daktari alipiga kutoka Uskoti: Ludwika ameanguka kwa kiharusi. Bogusława alimsihi aseme polepole. Akaambulia damu, ubongo, mashine, kupumua, na neno moja alilolishika kama anayezama ashikavyo unyasi. Lilikuwa eventually, nalo lilisikika kama ewentualnie, ambalo kwa Kipolandi ni "huenda".

"Kasemaje?" Jagna akauliza.

"Huenda akaacha kupumua. Huenda tu! Si lazima."

"Basi nenda leo, shoga."

"Bosi kanipa ruhusa ya wiki ijayo. Na dada yangu unamjua ulimi wake. Kifo kikija atakitukana mpaka kirudi kwao."

Jagna akacheka kidogo. Bogusława akacheka zaidi yake, kisha akarudi kwenye tramu yake.

Jumatano akaenda darasani. Mwalimu, Bwana Seweryn, alimuuliza hali ya mgonjwa, naye akairudia sentensi ya daktari kwa Kiingereza, jinsi alivyoikariri. Seweryn akaweka chaki chini.

"Bi Bogusława, una hakika ndilo neno alilotumia?"

"Hilohilo. Si huenda?"

"Kwetu ni huenda. Kwao ni hatimaye." Akasita. "Maana yake litatokea tu. Kinachosubiriwa ni siku."

Bogusława akasimama ghafla.

"Mimi niko hapa nakunywa chai!" Bogusława alipiga kelele. "Nakaa, nawaambia watu atapona! Mbona hukutufundisha hilo, mwalimu? Mbona?"

"Lilikuwa somo la mwezi ujao, Bi."

Hakuchukua hata koti lake. Seweryn alimkimbilia nalo mpaka barabarani. Bosi alipata habari kwa simu, akafoka, akakatiwa simu. Ndege ya kwanza ya asubuhi ikamchukua Bogusława.

Hospitalini daktari alimweleza mambo kwa upole, naye akaitikia kwa kichwa asishike lolote. Maneno yote ya kati yalikuwa yamemkimbia. Alitamani kuuliza kama dada yake anaumia, kama aliita jina la mtu, kama yeye angefika juzi ingekuwaje. Akapapasa chini ya shuka miguu ya Ludwika, ambaye sasa alipumua kwa mashine. Ilikuwa kama barafu.

"Miguu," alimwambia muuguzi kwa Kiingereza. "Baridi. Tafadhali."

Muuguzi akaleta blanketi, wakamfunika pamoja. Bogusława akavua soksi zake za sufu, akamvisha dada yake, yeye akabaki pekupeku kwenye sakafu ile.

Kisha akamwinamia sikioni, akaanza kumsimulia kwa Kipolandi: nani kaolewa mtaani, nani kahama, paka wa jirani kazaa wapi. Hakunyamaza hata pale mashine ile ilipozimwa.