Vichwa vya Ng'ambo ya Korongo

Sukhbati alikuwa amepiga magoti uani, anakanda mavi ya ng'ombe na makapi ya ngano, anayabandika ukutani yakauke yawe kuni. Tumbo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kila akiinama lilimgusa mapaja. Mvua zikianza hakitakauka kitu, kwa hiyo hakupumzika. Bhagola, baba mkwe wake, alikohoa nje ya lango kama ilivyo desturi, mkaza mwanawe apate nafasi ya kuvuta upindo wa sari usoni, ndipo akaingia.

"Nawa mikono, mwanangu. Wamefika."

"Wamefika wapi, Baba? Mbona sisikii gari?"

"Wako ng'ambo. Wanasema gari haliwezi kuvuka korongo, kwa hiyo tuvuke sisi."

Sukhbati alicheka ndani ya sari. "Wamekuja kuangalia kama tunahitaji barabara, halafu barabara ikawashinda?"

"Usije ukasema hivyo mbele yao."

"Mimi mbele yao niseme nini? Nimewahi kusema?"

Hiyo ilikuwa kweli.

Ili kitongoji cha Naitola kipate barabara kilitakiwa kuwa na vichwa mia mbili na hamsini. Hesabu ya serikali ilikipa mia moja na themanini. Mwalimu aliyetumwa kuhesabu alikuja msimu ambao wanaume wote wenye nguvu wako mbali kwenye matanuri ya matofali, akakuta wanawake wamejifunika na hawajibu, akaandika kwamba nyumba zimefungwa. Nyumba zenye moshi na watoto na mbuzi, zimefungwa. Naitola wakalalamika wee, mpaka ofisi ya tarafa ikakubali kutuma afisa wa kuhakiki. Ndiye huyo aliyeketi ng'ambo.

Bhagola hakutegemea makubwa. Babu zake walihesabiwa na raja, mfalme wa enzi hizo, kwa ajili ya kodi. Wakahesabiwa na Waingereza, kwa ajili ya kodi na kubeba kokoto za reli. Uhuru ulipokuja Naitola ikawekwa chini ya Barkhedi, kijiji cha wenye mashamba. Barkhedi walipotaka barabara yao, vichwa vya Naitola vikachanganywa humo humo, hesabu ikatimia, lami ikamwagwa mpaka getini kwa mkuu wa kijiji na ikakomea hapo. Baada ya hapo tarafa ikagawanywa, Naitola ikatengwa, ikaambiwa ijitegemee. Ukila na mtu sahani moja hakuambii ondoka kabla hujanawa. Hawa waliwaambia.

Na korongo lilikuwa pale pale. Mwaka jana Kesarbai, mke wa Bhagola, aliumwa na nyoka akikata majani ya mbuzi. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yalifika kifuani. Wakaketi naye ukingoni wakisubiri yapungue, gari la wagonjwa likiwaka taa ng'ambo, dereva akipiga honi kana kwamba honi ni dawa. Maji yalipopungua hawakuwa na haja ya gari tena. Sasa Sukhbati alitarajiwa kujifungua katikati ya mvua hizo hizo, na kila Bhagola alipolitazama lile tumbo aliisikia ile honi.

Walivuka wote, wazee, wanawake na watoto. Korongo lilikuwa kavu, mawe yanachoma nyayo. Afisa, Bwana Dubey, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa gari, miwani imesukumwa kipajini. Janka, ajuza asiyeogopa mtu, alimpelekea maji kwenye kopo la shaba. Dubey akamwonyesha chupa yake mwenyewe.

"Nayaona, bwana," Janka alisema. "Ya kwetu yanauma, sivyo?"

Dubey akafungua karatasi zake. "Sikilizeni. Aliyekwenda kutafuta kazi anahesabika, ilimradi makazi yake ni hapa. Lakini wa nyumba yake ndiye amtaje. Mtu asimsemee jirani. Haya, wa kwanza."

"Bhagola, mwana wa Nanhe. Mwanangu Harju, yuko tanurini. Mke wake ni huyu."

"Na huyo wa tumboni msubirini atoke kwanza," alisema Dubey, akaandika. Watatu. Ilikwenda vizuri hivyo.

Akafuata Betibai, watoto wanne wamemng'ang'ania sari.

"Jina la mume?"

Betibai akavuta upindo mpaka kidevuni.

"Mama, jina la mume wako."

"Huyo hataji, bwana," alisema Janka. "Mwanamke wa hapa hamtaji mumewe wala baba mkwe wake, atawapunguzia umri. Kwani wa kwenu anakutaja?"

"Wa kwangu ananitaja mchana kutwa kwenye simu."

"Ndiyo maana una presha."

Watu wakacheka, hata dereva wa gari. Dubey hakucheka. Betibai alijaribu njia waliyozoea wanawake wote. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni kile kinachowashwa kwenye sikukuu ya taa."

"Sikuja kutegua vitendawili hapa."

"Anaitwa Dipa, ndiyo hiyo taa," Bhagola aliingilia. "Dipa, mwana wa Chhotelal. Nimemwona akizaliwa."

"Mzee, nimekuuliza wewe?"

"Hapana, lakini mimi namjua."

"Mnajuana wote, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Kitongoji cha juzi mzee kama wewe alinitajia wanaume kumi, kwenda kuangalia wawili ni mafahali wa kulimia." Dubey alishusha miwani. "Wewe si ndiye mkubwa wao? Basi mwamrishe aseme. Mwambie na huyo wa nyuma yake. Neno moja tu kila mtu, tumalize."

Bhagola akafungua mdomo. Wanawake walikuwa wamejipanga juani, nyuso zimefunikwa, wanamsubiri. Neno moja tu. Lakini Kesarbai alikaa naye maisha mazima bila kulitamka jina lake. Hata pale ukingoni, ulimi umeshakuwa mzito, alikuwa anauliza, "Baba Harju, maji yamepungua?" Baba Harju, mpaka mwisho. Leo yeye awaamrishe wake za watu wafanye ambalo Kesarbai hakulifanya, ili bwana mwenye chupa apate kuwahi kwake? Akaufunga mdomo.

"Haya, shauri yenu," alisema Dubey.

Akawapitia mmoja mmoja. Penye mzee nyumbani paliandikwa. Penye mwanamke peke yake alihesabiwa yeye na watoto, mume akarukwa. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, meusi kama masizi ya chungu, na dereva aliyatazama mara kwa mara.

Dubey akajumlisha. "Mia mbili na kumi na moja."

"Na wale wengine?" Bhagola aliuliza.

"Hawakutajwa. Kiserikali hawapo."

"Barabara je?"

"Mpaka hesabu nyingine."

"Hesabu nyingine lini, bwana mkubwa?"

"Ikija." Alikuwa ameshasimama, anakunja kiti. "Baada ya miaka kumi hivi."

Bhagola alimtazama Sukhbati. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkono mmoja mgongoni, na kwa namna alivyoinamisha kichwa ilionekana amesikia.

Mvua ilianza pale pale, matone makubwa. Kutoka korongoni mpaka lami ya Barkhedi ni udongo mweusi, ule ambao ukilowa unashika mguu kama gundi. Gari likaenda hatua chache, likayumba, likazama magurudumu ya nyuma. Dereva akakanyaga mafuta. Tope likaruka, gari likashuka zaidi.

Dubey akatoa kichwa dirishani. "Njooni msukume! Haraka!"

Hakuna aliyeinuka. Wanawake wakamtazama Bhagola, na Bhagola akachuchumaa.

"Gari linasukumwa na wanaume, bwana mkubwa. Na wewe umesema hawapo."

"Na sisi tumeshahesabiwa," alisema Janka. "Tukizama humo na gari lako, si itabidi utufute tena?"

Dubey akashuka, kiatu kikazama mpaka kwenye soksi. "Mnamfanyia mchezo mtumishi wa serikali? Nitawaandika majina! Wote! Na ya waume zenu! Yatafika polisi kesho asubuhi!"

Polisi wanajulikana. Bhagola alitaka kuinuka aombe radhi, na goti lake lilikuwa limeshaanza kunyooka.

"Andika."

Ilikuwa sauti ya Sukhbati. Alikuwa amesimama kwenye mvua, sari imemganda usoni.

"Nini?" aliuliza Dubey.

"Si unaandika majina? Andika. Harju. Mume wangu ni Harju, mtoto wa Bhagola wa Naitola. Bhagola ndiye yule pale aliyechuchumaa."

Bhagola alihisi kama amepigwa kofi. Katika nyumba yake hapakuwahi kutokea mwanamke wa kulitamka jina lake. Akainamisha uso, na hakujua kama anachokiona kikidondoka ni mvua.

"Dipa," alisema Betibai, akaziba mdomo, kisha akautoa mkono. "Dipa wa Chhotelal! Andika, bwana, mbona huandiki?"

"Parsadi!" akaita mwingine kutoka nyuma. "Gulab, na ndugu yake Ramsewak!" "Khumman!" Wakawa wanapokezana, wengine wanalia, mmoja anacheka kama mwendawazimu, na kila aliyeshasema akarudia tena kwa nguvu zaidi.

Dubey hakuandika. Karatasi alikuwa amezificha ndani ya shati zisilowe. Akavua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akaanza kutembea kuelekea Barkhedi akivuta miguu topeni, dereva nyuma yake na kiti cha plastiki kichwani. Majina yalimfuata mpaka alipopinda kwenye geti la mkuu wa kijiji.

"Baba," alisema Sukhbati. "Korongo linajaa."

Waligeuka. Maji mekundu yalikuwa yameshafika magotini na bado yanapanda. Waliwaweka watoto mabegani, Bhagola akamshika mkaza mwanawe mkono, wakaingia.