Mlango wa Abiria

Madereva wenzake walimwita Kitambaa, maana hata akisimama kupakia mizigo alikuwa akilifuta lori lake. Lile la zamani lilipochoka, yeye na mkewe waliagiza jipya. Rangi alichagua mke, damu ya mzee. Nyeupe aliikataa katakata, akasema hataki kupanda gari la wagonjwa.

Lori lilipofika, mke alikuwa ameshazikwa.

Asubuhi ya kwanza Kitambaa alilitoa uani akaliosha. Kiganja kilipopita kwenye mlango wa abiria, kikahisi vipele. Akainama. Vumbi lilikuwa limenaswa chini ya rangi, na karibu na kitasa rangi ilichuruzika ikakaukia hapo hapo. Akageukia mlango wa jikoni, mdomo umeshafunguka aite. Akaufumba.

Jirani yake alikuwa akipiga mswaki upande wa pili wa ukuta mfupi wa ua. Kitambaa akamwonyesha.

“Mbona mimi sioni kitu?” jirani akasema. “Hilo la kubeba saruji, si bibi harusi.”

Kitambaa akalirudisha kwa muuzaji. Meneja alikubali bila ubishi kwamba ni kasoro ya kiwandani, akamkabidhi kwa fundi rangi, mama wa makamo aliyejifunga kilemba chenye madoa ya kila rangi.

“Kaka, nisikufiche,” fundi akamwambia. “Nitapiga msasa mpaka kwenye bati, nipake upya. Vipele vitaisha. Lakini rangi nitakayochanganya hapa itapishana kidogo na ya kiwandani.”

“Kidogo kiasi gani?”

“Mwingine hataona. Wewe utaona.”

Kitambaa akapitisha kiganja tena kwenye vipele. Kisha akasema, “Paka.”

Nyumbani, siku za kungoja zilimwelemea. Alipika kwa sufuria ile ile kubwa, akala kidogo, kingine kikachacha. Jioni alikaa kibarazani, na simu yake haikulia.

Siku ya kuchukua lori, fundi alilisogeza juani. Mlango ulikuwa laini, ila ulielemea kidogo kwenye wekundu. Kitambaa aliliona hilo kabla hajalikaribia.

“Umeridhika?” fundi akauliza.

“Wa kuulizwa hayupo.”

Fundi hakuuliza ni nani. Alijifuta mikono polepole. “Angesemaje?”

Kitambaa akafikiri. “Angesema nimeharibu. Halafu angeingia, afunge mlango, aniambie twende tunachelewa.”

Akacheka kidogo, kicheko kikamkatikia njiani. Fundi akaangalia pembeni mpaka Kitambaa alipomaliza kujipangusa macho. Kisha akamshika mkono, akamtakia safari njema.

Siku hiyo hiyo Kitambaa alipakia saruji kwa safari ya mbali. Kituo cha kwanza cha mafuta, kijana wa pampu alilisifia lori. Kitambaa akashukuru. Alitamani kijana aendelee kuongea, lakini nyuma kulikuwa na foleni, wenye magari wameanza kupiga honi. Akawasha lori, akaingia barabarani peke yake.