Uji Uliopikwa kwa Breki

Issa Shekimweri hakuwa na baiskeli, na hilo ndilo lililomwingiza kwenye mbio za baiskeli. Msicheke. Mwaka ule wa kutawazwa Malkia, Waingereza walitaka sherehe kila wilaya, na mwenye duka mmoja wa Lushoto akatoa zawadi kwa mshindi: baiskeli mpya, ina taa ya dainamo na kengele ya kusikika ng'ambo ya bonde. Issa aliiona imening'inizwa darini, akasahau kilichompeleka dukani.

Alikuwa kijana wa Soni, mchukuzi wa mboga. Siku zote alijitwika tenga la kabichi akalishusha Mombo kwenye treni, kwa miguu, na tenga moja halijengi nyumba. Mkewe, Zuhura, alikuwa na mimba ya kwanza na mwezi wake umefika. Na Jumatatu asubuhi lori la shamba la mkonge lingepita Soni kukusanya manamba, liwapeleke huko bondeni, Mazinde, kwenye joto na miiba, kwa mkataba mrefu. Issa alikwisha kumwambia Zuhura wazi: akiipata baiskeli atabeba matenga matatu kwa safari moja na kurudi kwake kila jioni. Akiikosa atapanda lori, na mtoto atazaliwa baba hayupo. Zuhura alimfulia shati tu.

Baiskeli ya kushindania aliiazima kwa mzee Hassani, fundi cherehani. Ilikuwa chuma kitupu, nzito, na breki zake zilikwisha kufa zote mbili. Mzee alimwambia breki ya mwanamume ni akili. Issa alishukuru, kisha akavaa katambuga, vile viatu vya tairi la gari, kwa sababu akili peke yake haisimamishi gurudumu.

Njia ya mbio ilikuwa hii: unaanzia Lushoto, penye boma alilojenga Mjerumani, unashuka hadi Soni, unapanda Vuga kwenye mji wa kale wa wafalme wa ukoo wa Kilindi, karani anakupaka wino kiganjani ili usije ukadanganya, kisha unarudi kwa njia ile ile mpaka bomani. Yote changarawe. Nyie mliozoea lami hamjui changarawe ni nini. Inakuteleza, inakutafuna makalio, na ukianguka inabaki ndani ya goti mpaka uzeeni.

Jumamosi ikafika, ukungu umelala mabondeni. Filimbi ilipolia, wapanda baiskeli wakatoka bomani kwa kelele, na Issa akawamo, moyo unamdunda kwa furaha isiyo na sababu. Wengi aliwaacha kabla ya maporomoko ya Soni. Waliobaki walimshinda pumzi kwenye kupanda Vuga, lakini mmoja baada ya mwingine walishuka wakaanza kusukuma, yeye akabaki juu ya tandiko anakanyaga, anakanyaga, jasho linamwingia machoni. Kumbe miaka ile ya kushuka na kupanda mlima na tenga kichwani haikuwa bure. Alipofika juu, penye makaburi ya wafalme, karani alikuwa bado anatafuta kizibo cha chupa ya wino. Issa alikuwa wa kwanza.

Nyuma yake alikuja Sefania, kijana wa misheni, mwenye miguu mirefu na kicheko kingi. Hapo wote wawili walifanya wanachofanya watu wote wa mlima ule kabla ya kushuka: walifunga tawi nyuma ya baiskeli kwa kamba, liburutike chini na kuzuia mwendo. Hata Sefania mwenye breki zake alifunga, maana kwenye mteremko wa Vuga breki za dukani ni pambo. Issa alipata tawi kavu la mti wa muwati, nene, lenye vijitawi vingi. Akashuka nalo likikwaruza kokoto, mwanamume yuko mbele, tayari anaihesabu ile kengele kuwa yake.

Kona ya tatu, akakutana na mama mkwe.

Bi Mwanaidi, mama yake Zuhura, alikuwa anashuka kwa miguu kutoka kwake chini ya Vuga, mkungu wa ndizi kichwani, anakwenda Soni kumpokea mjukuu. Aliposikia kelele za tawi aligeuka, na macho yao yakakutana. Sasa, mlimani pale mkwe hakabiliani na mkwewe. Ukimwona njiani unatoka njiani, unageuza uso, unangoja apite. Heshima si utumwa, ndivyo Issa alivyolelewa, na miguu yake ililelewa naye. Haikuuliza habari za mbio. Ilichimba changarawe, ikamrusha kwenye magugu upande wa mlima, baiskeli na tawi lake juu yake.

Shida ni kwamba Bi Mwanaidi naye alilelewa vizuri. Naye alitoka njiani, upande ule ule wa mlima, kwa sababu upande wa pili ulikuwa korongo. Basi wakawa wamejificha kichaka kimoja, hatua chache kati yao, wamepeana migongo, kila mmoja anamngoja mwenzake apite. Mkwe anamngoja mkwe. Barabara nyeupe tupu iko pale mbele yao, na hakuna wa kuikanyaga.

Sefania akapita. Aliona miguu miwili ya kiume na kanga moja kwenye kichaka, akaelewa mara moja, maana naye ni Msambaa na ana mkwe wake. Alicheka mpaka kona iliyofuata, lakini hakusimama, na nani angesimama? Issa alisikia tawi la mwenzake likikwaruza kwenda chini, chini zaidi, kisha kimya. Aliona lori la mkonge kama limesimama pale pale mbele yake na mlango wazi. Machozi yalimlenga. Angeweza kuinuka na kupita mbele ya uso wa mama wa mkewe, na hakuweza.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa kichaka.

"Baiskeli," alisema Bi Mwanaidi. "Sisemi na mtu, nasema nawe. Hilo tawi unaloburuta ni kavu, na Soni kuni zote zimelowa. Niachie, nikampikie mwanangu uji."

Issa aliutazama mteremko. Bila tawi, kwenye mteremko ule, bila breki?

"Na umwambie mwenyewe," iliendelea sauti, "kwamba nimejifunika kanga usoni. Atakayepita simwoni. Ila binti yangu asizalie nyumba isiyo na mwanamume. Haya, nenda."

Issa alifungua kamba. Alilisukuma tawi nyuma yake bila kutazama, akarudisha baiskeli barabarani, akapanda.

Jamani, kushuka kule. Issa hakuwahi kwenda kasi namna ile, wala hakujua mtu anaweza. Migomba ilipita, kanisa la misheni likapita, kuku wa watu wakaruka. Kila kona alibandika katambuga kwenye tairi la nyuma, mpira ukanuka kuungua, unyayo ukapata moto, baiskeli ikalala ikainuka. Hofu ilimkamata kona mbili za kwanza. Ya tatu ilimwachia, ikabaki furaha tupu, akajikuta anapiga ukelele peke yake mlimani. Chini akamwona Sefania, tawi lake linafagia barabara kushoto na kulia. Issa alingoja lifagie kulia, akapita kushoto, gurudumu likiramba ukingo wa korongo. Safari hii Sefania hakucheka.

Mwendo ule ule ulimvusha daraja la Soni bila kukanyaga pedali. Wanawake walikuwa wamejipanga pale, na kati yao Zuhura, mkono kiunoni. Hakupiga vigelegele. Aliinua mkono mmoja tu, na Issa aliubeba mkono ule kupanda mlima wote wa Lushoto, huku anasikia mnyororo wa Sefania nyuma yake unakaribia, unakaribia. Mapaja yalikufa ganzi. Alifika bomani mbele ya Sefania kwa urefu wa gurudumu moja, akaanguka chini pamoja na chuma cha mzee Hassani. Sefania ndiye aliyemwinua.

Jioni alirudi Soni juu ya baiskeli yake mpya, na kufika nyumbani hakuweza kuingia. Mama mkwe alikuwa ndani. Amepata baiskeli, amekosa kitanda. Akasimama uani, akapiga kengele.

Bi Mwanaidi alitoka na kanga usoni, bakuli mkononi. Hakumtazama. Aliliweka bakuli juu ya karia, taratibu, akalishikilia kidogo lisimwagike.

"Baiskeli," alisema, "mwambie mwenyewe uji huu umepikwa kwa breki yake."

Issa aliunywa nyuma ya nyumba, mahali asipoonekana. Ulinuka moshi wa muwati, na hajapata kunywa uji mtamu vile.

Jumatatu lori lilipiga honi sana pale Soni. Issa alikuwa amekwisha kupita, matenga matatu nyuma, tawi kubwa linaburutika kuelekea Mombo. Jioni alilirudisha lile tawi juu ya karia, akaliegemeza mlangoni kwake, akapiga kengele, akageuza uso, kisha akaenda kulala kwa mzee Hassani. Asubuhi alipopita hakulikuta. Moshi ulikuwa unapanda kutoka jikoni, na ndani ya nyumba mwanawe alikuwa analia kwa mara ya kwanza.